Mwalimu anasema geuza alama, baba mkubwa anasema geuza alama, na mwanangu anakosa

Barua

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini na kazi yangu ni ushonaji. Baba yao alifariki wakiwa bado wadogo. Tangu hapo shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyesimama na sisi. Shule ya serikali haina ada, lakini unajua mwenyewe yanayobaki: sare, viatu, madaftari, nauli ya daladala, mchango wa chakula. Hayo yote anayabeba yeye, na sijawahi kumsikia akiyataja mbele za watu. Alikuwa karani wa hesabu kwenye mashamba ya mkonge hadi alipostaafu. Ikishaswaliwa magharibi anakuja kwetu, anakaa barazani, anakunywa kahawa yake, halafu anamwita mwanangu mkubwa: "Lete daftari tuone."

Mwanangu yuko kidato cha kwanza. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili na hisabati alikuwa anaipenda, mpaka wenzake walikuwa wanakuja nyumbani awaelekeze. Sekondari karibu kila kitu ni Kiingereza. Hata hivyo alikuwa anajikongoja vizuri, hadi walipofika kwenye zile hesabu za kubwa kuliko na ndogo kuliko zenye herufi ndani yake. Wenyewe wanaziita inekwaliti. Jaribio la kwanza alipata 4 kati ya 20. Mimi niliishia darasa la saba, siwezi kujua kosa liko wapi, kwa hiyo nakunakilia maswali mawili kama yalivyo kwenye karatasi yake.

Swali: x + 5 > 12. Yeye aliandika x < 7. Amekosa.

Swali: −3x < 12. Yeye aliandika x < −4. Amekosa.

Nilipomuuliza alinijibu huku machozi yakimlengalenga. "Mama, baba mkubwa amenifundisha namba ikivuka upande wa pili, geuza alama. Mwalimu naye anasema geuza alama. Nikigeuza nakosa, nisipogeuza nakosa." Halafu akasema hesabu si zake, atajitahidi kwenye masomo mengine.

Chini ya karatasi mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: mzazi, huyo anayemfundisha mtoto nyumbani aache, anamchanganya. Karatasi ile nimeiweka kwenye droo ya cherehani. Shemeji hajaiona. Kila jioni anakuja na kuendelea kufundisha, na mwanangu anakaa kimya tu, anaitikia kila kitu.

Mshauri, nimekwama. Nikimwonyesha shemeji maneno yale ataona nimemdhalilisha, tena kwa mkono wa mwalimu ambaye ni kijana kuliko watoto wake. Mama mkwe wangu akisikia, yatakuwa mengine. Nikinyamaza, mwanangu anaendelea kuanguka, na mwakani ana upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Jirani ananiambia nimtafutie twisheni ya mtaani nilipe mwenyewe, nimwambie shemeji kwamba mtoto jioni hayupo. Hilo nalo naliona kama kumfukuza kwa mlango wa nyuma mtu aliyetulea. Nifanyeje?

Mama wa kidato cha kwanza, Tanga

Jibu

Dada yangu wa Tanga, pole, na ahsante kwa kuninakilia yale maswali mawili. Bila hayo ningekujibu kuhusu mashemeji tu. Nimefundisha hisabati sekondari, kwa hiyo niruhusu nianze na karatasi, halafu nije barazani.

Nilivyokuelewa, umebanwa kati ya watu wawili wanaomtakia mwanao mema, na unaona kwamba kumsikiliza mmoja ni kumkana mwingine. Mwalimu anataka mafunzo ya jioni yakome. Shemeji ndiye nguzo ya nyumba. Na katikati yupo kijana wa kidato cha kwanza ambaye ameshaanza kuamua kwamba kasoro ni ya kichwa chake. Hili la mwisho ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu karatasi yake inasema kitu kingine.

Angalia alichofanya. Swali la kwanza, namba 5 ilivuka kwenda upande wa pili, naye akageuza. Swali la pili hakuna kilichovuka, −3 iligawa tu, naye hakugeuza. Huyo si mtoto anayebahatisha. Ameambiwa "namba ikivuka, geuza", akatii neno kwa neno. Kinachotakiwa ni kinyume chake kabisa: la kwanza halikutaka kugeuzwa, la pili lilitaka. Lakini mtoto anayekosa kwa utaratibu namna hii ana akili inayofanya kazi. Mwambie hivyo, tena leo.

Sasa nikuulize taratibu. Umechukulia kwamba shemeji anafundisha makosa. Una hakika? Mimi sikuwepo barazani, ila nikitazama hesabu zenyewe nahisi yeye na mwalimu wote wako sahihi, wanazungumzia alama mbili tofauti. Shemeji akisema geuza alama, inaelekea anamaanisha ile ya namba: kujumlisha 5 ikivuka inakuwa kutoa 5. Ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu kutatua milinganyo. Kwa hiyo x + 5 > 12 inakuwa x > 12 − 5, yaani x > 7. Jibu ni hilo, na hakuna aliyegusa ile alama ya kubwa kuliko. Mwalimu akisema geuza alama, anamaanisha hiyohiyo ya katikati, kubwa kuliko igeuke ndogo kuliko, na hiyo hugeuka pale tu unapozidisha au kugawa pande zote mbili kwa namba hasi. Kwenye mlinganyo wa kawaida, alama ya sawasawa haina upande wa kugeukia, ndiyo maana karani anaweza kufanya hesabu maisha yake yote bila kukutana na tatizo hili. Mwanao amezichukua kanuni mbili zenye jina moja akazifanya moja.

Kwa nini namba hasi igeuze mambo? Hapo ndipo watoto wengi hupewa amri bila sababu, na amri isiyo na sababu haikai kichwani. Fikiria watu wawili, mmoja ana shilingi 5,000 mfukoni, mwingine 3,000. Wa kwanza anamzidi wa pili. Sasa badala ya kuwa na hela, kila mmoja awe anadaiwa kiasi hichohicho. Aliyekuwa nyuma ndiye mwenye nafuu. Ndivyo 5 ilivyo kubwa kuliko 3, lakini −5 ni ndogo kuliko −3. Ukiwa na mstari wa namba, −3 utaikuta kulia kwa −5. Kuzidisha au kugawa kwa hasi kunawahamisha wote kwenda upande wa madeni, na aliyekuwa mbele anajikuta nyuma. Kujumlisha na kutoa hakufanyi hivyo: wote wakiongezewa au wakipunguziwa kiasi kilekile, anayezidi anabaki anazidi.

Kwa hiyo −3x < 12, ukigawa kwa −3, inakuwa x > −4. Na hapa kuna jambo ambalo nadhani shemeji atalifurahia. Kwa njia yake ya kuvusha anaweza kufika palepale bila kugeuza chochote. Vusha −3x iende kulia iwe 3x: 0 < 12 + 3x. Vusha 12 ije kushoto: −12 < 3x. Gawa kwa 3, ambayo ni chanya: −4 < x. Kusema −4 ni ndogo kuliko x ni sawa na kusema x ni kubwa kuliko −4. Angalizo moja tu, watoto wengi wakifika kwenye −4 < x huinakili kama x < −4 kwa mazoea ya kupenda kuanza na herufi. Aisome kwa sauti kabla ya kuiandika upya.

Kuliko yote hayo, ningependa mwanao apate kitu kimoja ambacho hata wewe wa darasa la saba unaweza kumsimamia: kujaribu jibu. Akimaliza, achukue namba moja ambayo jibu lake linaikubali, airudishe kwenye swali. Yeye alisema x < 7. Haya, 1 ni ndogo kuliko 7. Je, 1 + 5 ni kubwa kuliko 12? Ni 6, hapana. Basi jibu limekataa hapohapo, hakuna haja ya wino mwekundu. Ajaribu 10: inatoa 15, imekubali. Swali la pili alisema x < −4, kwa hiyo ajaribu −5. Ukiizidisha kwa −3 inakuwa 15, na 15 si ndogo kuliko 12. Limekataa. Ajaribu 0: inatoa 0, ambayo ni ndogo kuliko 12, kumbe 0 ilipaswa kuwemo kwenye jibu naye ameiacha nje. Achukue namba moja iliyo ndani ya jibu na moja iliyo nje yake. Kwa maswali ya kidato cha kwanza, swali likiikubali ile ya ndani na kuikataa ile ya nje, alama imeelekea panapotakiwa. Mtoto mwenye mazoea haya haulizi tena nani kasema kweli kati ya mwalimu na baba mkubwa. Na ninyi watu wazima mnapata nafasi ya kupumua.

Kuna jambo jingine la kuchunguza kabla hujamlaumu mtu. Ametoka shule ya Kiswahili na mitihani sasa ni ya Kiingereza. Inawezekana maswali mengine alikosa kwa sababu hakuelewa sentensi ilikuwa inataka nini. Mkae siku moja akutafsirie kila swali la maneno kwa Kiswahili kabla ya kuandika chochote. Lugha yetu inazitenganisha hizi hali vizuri. "Zaidi ya 30" haiichukui 30 yenyewe. "Isiyopungua 30" inaichukua. "Chini ya" haiichukui namba, "isiyozidi" inaichukua. Mfano anaoujua kila mwanafunzi: kwenye mtihani wa kidato cha nne, daraja D huanzia alama 30 na F ni chini ya hapo. Mwenye 30 kamili hajaanguka. Kwa hiyo asiyepata F ana x ≥ 30, na ule mstari mdogo chini ya alama ndio unaomwokoa yule wa 30 kamili. Kwenye mstari wa namba, duara la 30 linajazwa. Aliyeanguka ana x < 30, na duara linaachwa wazi. Mtoto akisahau mstari huo asijione mjinga. Alama za > na < zilichapishwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1631, katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot aliyekuwa amefariki miaka kumi nyuma, na zile za kuongezewa mistari chini yake zinaanzia kwa Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734. Wanahisabati wenyewe walikaa zaidi ya karne nzima bila mstari huo.

Nawe usijitoe kwa kuishia la saba. Ukiwa na kitambaa cha mita 20 na sketi moja ya shule inakula mita 1.5, unajua utatoa sketi ngapi kabla hujashika mkasi. Mwachie yeye aiandike, n ikiwa idadi ya sketi: 1.5n ≤ 20. Akigawa atapata n ≤ 13.3 na kuendelea. Muulize basi anakata sketi ngapi. Akisema 13.3, mpe kitambaa. Hesabu inasema hadi 13.3, lakini mteja havai theluthi ya sketi, kwa hiyo ni 13 au pungufu. Wanafunzi wengi wanaotatua vizuri kabisa huponzwa na hatua hii ya mwisho, kwa sababu hawajawahi kuona herufi ikiwa kitu cha kushikika.

Sasa twende barazani.

Unaweza kumwonyesha shemeji karatasi kama ilivyo. Faida yake ni uwazi. Mtu aliyewabeba miaka yote hii anastahili kujua, na akija kuigundua mwenyewe itamuuma mara mbili, kwa maneno ya mwalimu na kwa kufichwa. Hatari yake umeshaiona. Maneno yale yameandikwa bila kumjua anayeandikiwa, pengine na mwalimu mwenye rundo la madaftari mbele yake, na mzee anaweza kuyasoma kama amri ya kumfukuza. Ukichagua njia hii, nadhani itafaa uende ukiwa na hesabu zenyewe mkononi. "Shemeji, naona wewe na mwalimu mnasema geuza alama, ila nahisi si alama ileile. Hebu tuangalieni." Hapo unamwita karani kwenye kazi anayoijua, na karatasi ya wino mwekundu inakuwa ushahidi wa mkanganyiko, si hukumu juu yake. Lakini wewe ndiye unayemjua. Kuna wazee wanaopenda kuonyeshwa, na kuna wanaopenda wagundue wenyewe.

Kwa hao wa pili, ipo njia ya kumpa mtoto nafasi. Akifundishwa jioni na jibu likatoka, aombe: "Baba mkubwa, ngoja nilijaribu na namba." Jibu likikataa watarudi wote wawili kulitafuta kosa. Hakuna aliyemsahihisha mzee. Tahadhari yangu hapa ni kwamba unamtwisha kijana kazi ya watu wazima, na umeniambia anakaa kimya, anaitikia kila kitu. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuanza peke yake, labda nawe uwe umeketi karibu siku za mwanzo.

Twisheni ya mtaani sina ugomvi nayo, wapo wanaofundisha vizuri sana. Ila jiulize unanunua nini. Mwanao anaumia kwa sababu ana sauti mbili zinazotumia neno moja kwa maana mbili. Sauti ya tatu inaweza kumfafanulia, na inaweza pia kumwongezea "geuza" ya tatu. Halafu ile ya kumwambia shemeji kwamba mtoto hayupo, moyo wako umeshaikataa ndani ya barua yako mwenyewe. Sitakuongezea neno.

Na mwalimu? Umemweka kando kabisa, kana kwamba kazi yake imekwisha alipoandika. Nenda kamwone. Mweleze nani anamfundisha mtoto jioni na kwa nini, kisha muulize ni hatua gani hasa zinamchanganya. Alichoandika ni kwamba mafunzo yakome, lakini nadhani anachokitaka ni mtoto asichanganyikiwe, na hayo ni mambo mawili. Anaweza kukushangaza kwa upole, anaweza pia kushikilia msimamo wake. Akishikilia, angalau utakuwa umeisikia sababu kutoka kinywani mwake.

Kunyamaza pia ni njia, sikufichi, kwa muda mfupi. Ukiona ndani ya wiki chache kwamba mtoto amezishika zile alama mbili na majaribio yanapanda, huenda karatasi isiwe na la kusema tena. Ila kumbuka mwanao anajua ipo kwenye droo. Ameona mama ameificha. Hata kama hutamwambia shemeji, zungumza naye yeye, umweleze kwa nini, ili asije akaamini kwamba kilichofichwa ni aibu yake.

Jioni moja kahawa ikiwa tayari, mpe mwanao swali hili, na umwombe shemeji naye alifanye kwenye karatasi yake: 4 − x < 10. Mtoto atumie njia ya mwalimu, atoe 4 pande zote, apate −x < 6, kisha ageuze. Shemeji atumie ya kwake, avushe x, apate 4 < 10 + x, aendelee. Wakishamaliza wote, wajaribu 0, halafu wajaribu −7.